Makosa ya Bwana Ngurumo

Iringa,
6 Machi 1977

Mume wangu mzee, Babu Andendekisye,

Shikamoo. Mkeo mdogo wa Iringa ni mzima, anakula, analala, na anapiga taipu ofisini mpaka vidole vinanuka wino. Sijui ninyi huko Uyole, wewe na mke mwenzangu Bibi Tekla, kama baridi imewabakiza. Mwambie Bibi kwamba kanisani naenda. Asipouliza ni mara ngapi, nawe usiseme.

Huku mvua imekubali. Mwenye nyumba wangu ameoa mke wa pili, na yule wa kwanza amehamia chumba cha mbele ili aone vizuri wanavyogombana. Rafiki yangu Roza anaolewa mwezi wa sita, nami ndiye nitakayesimama naye, kwa hiyo kile kitenge nilichokuletea Krismasi nakisubiri kitoke kwenye cherehani yako kikiwa gauni. Vipimo vyangu unavijua. Sijanenepa, hata kama watu watakuambia.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Bwana Gulam ameleta picha mpya ukumbini kwake. Jina lake la Kiingereza limetushinda kulitamka, kwa hiyo watu wa hapa wanaiita Bwana Ngurumo. Ni habari za mchunga kondoo anayepigwa na radi, na badala ya kufa kama mtu mwenye adabu anaanza kuruka angani na kuokoa wasichana ambao wangeweza kushuka ngazi kwa miguu yao. Nimeiona mara mbili. Babu, makosa yamejaa humo kama kunguni kwenye kitanda cha gesti!

Sheria yetu unaikumbuka. Tangu nikiwa darasa la pili ulikuwa ukinipeleka sinema mjini, na njiani kurudi kila mmoja anataja makosa aliyoyaona: mtu ameingia chumbani na kofia akatokea kichwa wazi, sigara imevutwa ikazidi kurefuka. Aliyeshindwa anaitwa Kipofu mpaka picha nyingine ije. Mimi nimekuwa Kipofu utoto wangu wote, hata shuleni walidhani ndilo jina la ukoo.

Mkanda huu unakuja Mbeya kwa Bwana Harilal baada ya Pasaka. Nenda ukaone. Sikutajii kosa hata moja, maana nakujua, utayaiba. Taja yako kwanza.

Mkeo,
Sekela


Uyole,
29 Aprili 1977

Mke wangu Sekela,

Ugonile. Marahaba, na zingine uziweke akiba. Sisi tupo. Viazi vimezaa vizuri. Jirani yetu Antoni amepata mtoto wa saba na bado anashangaa wanatoka wapi. Bibi yako amejiunga na elimu ya watu wazima, na tangu ajue kusoma nyumba haina amani. Anasoma kwa sauti mabango, mifuko ya mbolea, na juzi msibani alituchelewesha kwa kusoma misalaba ya makaburi yote. Barua yako nayo imekaa kidogo kabla ya kujibiwa kwa sababu ya shughuli. Ukiona mistari inapandana, meza yangu ina mguu mbovu.

Picha tumeiona. Nasema tumeiona kwa kuwa Bibi yako alifuatana nami. Usishtuke. Alisema miaka yote amesikia kwamba shetani yumo sinema, sasa anataka kujua anakaa kiti gani.

Makosa ni haya. Kwanza, radi inanguruma kabla ya umeme kupiga. Hata mbuzi wa Uyole anajua kinachotangulia. Pili, farasi wanapita kwenye mchanga lakini kwato zinalia ko-ko-ko kama wanapita barabara ya lami. Tatu, Bwana Ngurumo anapiga kelele ndani ya pango na pango halimwitikii. Sauti ni ile ile aliyokuwa nayo jikoni kwa mama yake. Nne, bango la nje watu wanasema lina joho la bluu, lakini ndani ya picha joho ni jeusi. Tano, na hili ndilo kosa la aibu: yule jambazi mkuu, mwenye kucheka kwa pua, yuko juu ya treni, anatisha watu, halafu basi. Hayupo tena. Watu wanapiga makofi, harusi inafungwa, na hakuna anayeuliza jambazi ameenda wapi. Nilimuuliza Bibi yako, naye akasema tuwahi basi.

Nimeshinda. Gauni nalituma kwa mkono wa kondakta. Livae ukiwa umesimama wima, usilivae kama gunia.

Mumeo,
Andendekisye


Iringa,
15 Mei 1977

Babu mpenzi,

Shikamoo, na pole, maana leo nakula nyama yako mbichi.

Salamu za watu zikupitie haraka: Roza mzima, mwenye nyumba amevimba jicho, wake zake wamepatana.

Babu, jambazi alitupwa! Bwana Ngurumo alimkamata kola juu ya treni, wakapigana kwenye mabehewa yote, halafu akamrusha darajani mpaka mtoni. Kilikuwa kipande kirefu kuliko vyote. Hapa Iringa watu walisimama juu ya viti, mzee mmoja akatupa kiatu chake kwenye kitambaa cha picha ili kumsaidia Ngurumo. Wewe ulikuwa wapi? Wewe ambaye hata kwenda chooni uliona ni usaliti? Na joho ni la bluu, ndani na nje, bluu ya daftari la shule.

Halafu nikajiuliza: nguo ziko wapi? Fundi cherehani mzima umekaa mbele ya mwanaume aliyevaa chupi juu ya suruali, na hukusema hata neno moja! Nilikuwa nimekutengea kicheko kwa ajili ya hapo. Basi sikiliza ya kwangu. Anaruka dirishani joho limefungwa bega la kushoto, anatua limefungwa kulia. Kifungo cha shati lake kinadondoka kwenye supu, na baadaye kipo kifuani kimekaa. Soksi zinabadilika rangi akiwa hewani; labda huko juu kuna duka. Na ile waya iliyomning'iniza inaonekana waziwazi, mpaka mtoto aliyekaa mbele yangu akauliza, "Mama, mbona wamemwanika?"

Kwa sheria yetu, wewe sasa ni Kipofu. Nimesubiri miaka mingi kuandika neno hili na nalirudia kwa raha: Kipofu, Kipofu, Kipofu.

Gauni limefika. Mkono wa kushoto umeshonwa ndani nje, maua yanatazama ngozi yangu, na wa kulia umenifikia kwenye kucha. Roza amecheka mpaka akakaa chini. Nimeona utani wako, mume wangu. Nimefumua na kushona upya.

Mkeo mshindi,
Sekela


Iringa,
26 Juni 1977

Babu,

Shikamoo. Hujajibu. Nilidhani posta, lakini Roza amepata kadi tatu kutoka Mbeya, kwa hiyo posta haina kosa.

Harusi ilikuwa nzuri. Sitakuambia mengi, sina moyo wa kusimulia, kwa sababu jana nilichukua barua yako nikaisoma upya bila kucheka.

Radi, kwato, pango. Yote uliyoyakamata mwenyewe ni ya masikio. Jambo lolote la kuona uliambiwa, na aliyekuambia alikuwa Bibi, ambaye kwake rangi ni tatu tu, nyeupe, nyekundu na nyeusi, na anga la mchana analiita jeusi. Bibi ambaye hajawahi kukanyaga sinema maishani, alikuja kukaa karibu yako. Na saa ya treni, Bibi alisinzia, sivyo? Kwako picha ilikatika hapo kwa sababu msimuliaji alikuwa anakoroma.

Nikatazama na mwandiko. Si mguu wa meza. Kuna maneno ambayo nusu yake imebaki mezani kwako, kalamu ilipita ukingo wa karatasi nawe hukujua. Na ule mkono wa gauni haukuwa utani.

Babu, unaona? Nijibu bila mzaha, mara moja tu maishani.

Sekela


Uyole,
24 Julai 1977

Sekela,

Ugonile. Tu wazima. Baridi ya mwaka huu ni kali, maji ya ndoo yanaganda juu asubuhi.

Nani amekupa udaktari? Tulikupeleka kujifunza taipu. Nilisinzia mimi, si Bibi yako. Mtu mzima akisinzia kwenye picha ya kitoto ni haki yake. Chupi nje ya suruali niliiona, nikanyamaza kwa heshima ya ufundi. Ule mkono wa gauni niliugeuza makusudi ili nione kama mtu wa Iringa bado anajua ndani na nje.

Macho yangu ni yale yale. Naona mlima Loleza, naona dhambi zako kutoka huku. Hivi sasa nimekaa mlangoni, namwona Antoni anapita na baiskeli yake nyekundu, mkewe amekaa nyuma na kikapu cha kabichi. Je, kipofu anaona kabichi?

Nimeshona miaka arobaini. Fundi asiyeona ni mzigo wa kulishwa, na mimi si mzigo wa mtu. Habari hii usiirudie.

Babu yako

SEKELA MJUKUU WANGU NI MIMI BIBI. NAANDIKA HAPA CHINI NAYE AMEKAA HAPA HAPA ANAKUNYWA CHAI. HAONI, NI MIAKA SASA, HATA KRISMASI TULIKUFICHA. ANTONI AMEUZA BAISKELI TANGU MWAKA JANA NA MKEWE YUKO NYUMBANI NA MTOTO. NGUO NASHONA MIMI USIKU NA MAPEMA, YEYE ANAKANYAGA CHEREHANI ANAFIKIRI NI YEYE. GAUNI LAKO ALILITUMA KABLA SIJALIREKEBISHA. DAKTARI WA MISHENI ALISEMA NI MTOTO WA JICHO, HUTOLEWA. HATAKI. ANASEMA BADO ANAONA MWANGA WA DIRISHA, WAKIKOSEA ATAUKOSA NA HUO. KILA MWEZI MWANGA UNAPUNGUA. MIMI NIMESHINDWA. NI KWELI NILISINZIA.


Iringa,
7 Agosti 1977

Bibi na Babu,

Shikamooni. Naandika kwa wote wawili kwa sababu nimeshajua barua zangu husomwa na nani. Bibi, soma polepole, usiruke kitu, ila hii aya inayofuata uisome kimoyomoyo.

Bibi yangu, asante. Nimeyaona maandishi yako. Nililia ofisini mpaka barua ya mkuu ikatoka na herufi za ajabu, nikaambiwa niipige upya. Mwalimu wako akupe cheti, na kama hakipo nitakupigia mimi taipu. Wala usijilaumu kwa kusinzia, ile picha ni ndefu.

Sasa endelea kwa sauti.

Babu, sikuambiwa na mtu. Nimejua tu, kama ninavyojua kwamba sasa hivi umekunja uso na unataka kuinuka. Kaa. Kwanza nalifuta lile jina nililokuita. Tulikuwa tunacheza, na nimelicheza mahali penye kidonda. Nisamehe.

Pili, nakuuliza wewe mjuzi wa makosa. Mtu ana mlango uliobaki wazi kidogo, kila mwezi unajifunga, naye anakataa fundi asije kuugusa kwa sababu eti atauharibu. Hilo ungeliacha lipite kwenye picha? Ungemzomea mwenye picha mpaka Bwana Harilal arudishe tiketi! Mwanga wa dirisha unakwenda zake, ukatwe usikatwe. Ukienda hospitali unaweza kukosea. Ukibaki kwenye kiti, umeshakosea.

Tatu, na hapa Bibi soma tu, usinikasirikie. Bibi ana umri wake, na analala. Leo analala kwenye treni. Siku atakapolala moja kwa moja, nani atakusimulia? Utakaa hapo mlangoni na Antoni wa mwaka juzi anapita na baiskeli aliyoiuza zamani, kila siku, mpaka nawe ufe. Mimi nikija na mume na watoto, utawashika vichwa kama mtu anayenunua matikiti.

Sitaki. Nakupenda, mzee mkaidi, na ninaogopa. Ninayo likizo mwezi wa tisa. Nitakuja, nitakushika mkono, tutakwenda wote kwa huyo daktari. Ukikataa nitakuja hivyo hivyo, nitakaa jikoni na kuimba kwaya, na sauti yangu unaijua.

Sekela


SIMU YA MAANDISHI
Mbeya, 2 Septemba 1977

NJOO. USIIMBE. LETA SUKARI. BABU


Uyole,
13 Novemba 1977

Sekela mjukuu wangu,

Ugonile. Tazama mistari ilivyokaa. Meza ni ile ile.

Bibi yako hajambo, viazi tumechimba, Antoni anakusalimu kwa miguu. Sukari uliyoleta imekwisha, mgeni ni wewe na mlaji mkuu ulikuwa wewe. Barua zako zote nimezisoma tena mwenyewe, pamoja na ile aya ya kimoyomoyo. Ninyi wanawake ni majambazi wawili, mlistahili kutupwa darajani.

Ulipoondoka kurudi kazini, pale hospitali ya misheni waliniacha nimelala chali, kichwa kimebanwa na vifuko vya mchanga kama mtu aliyekamatwa wizi. Niliambiwa nisikohoe, nisicheke, nisiiname. Kitanda cha jirani alilazwa bwana mmoja wa Chimala, Msangu wa kabila, aliyevunjika mguu kwa kupigwa teke na punda wake, na kila alipoeleza jinsi ilivyokuwa, makosa ya punda yalikuwa yamezidi kidogo kuliko ya jana. Niliuma shuka ili nisicheke. Nilikuwa na hofu, Sekela. Kule nyuma ya bandeji hata ule mwanga wa dirisha haukuwepo, na usiku nilikuwa najiambia, basi, umeuuza. Sikumwambia mtu. Nakuambia wewe kwa kuwa ndiye uliyeniburuta.

Jicho la pili watalitoa mwakani. Hili moja wamenipa miwani yake, minene kama kitako cha chupa ya soda. Nikiivaa nafanana na bundi aliyesoma. Siku waliyonivika, kitu cha kwanza nilichokiona ni blanketi la hospitali, na pindo lake limeshonwa ovyo, hatua moja ndefu moja fupi. Nilifurahi mpaka nikalikumbatia.

Halafu daktari akauliza, mzee, unaona nini kingine? Nikainua kichwa. Kwenye stuli karibu yangu alikaa mama mmoja mzee sana, nywele nyeupe tupu, mashavu yameingia ndani, jino la mbele hana. Sikumjua. Nikafikiri ni mama yake yule Msangu, amekuja kumtazama. Na mimi nililelewa vizuri, nikamwambia, "Shikamoo, mama."

Akaitika, "Marahaba." Halafu akacheka, na kicheko nikakijua.

Nililia pale mbele ya wauguzi. Walidhani jicho linauma. Miaka yote hiyo, Sekela, mwanamke huyu amenisimulia dunia nzima. Nani amezeeka kanisani, nani amenenepa, nani amepaka nyumba chokaa, shamba la nani limevamiwa na magugu. Kila mtu wa Uyole anafananaje, ameniambia yeye. Yeye mwenyewe hakujitaja hata mara moja, na mimi nikaendelea kuishi na yule mwenye nywele nyeusi niliyemwona mara ya mwisho, namwamrisha alete maji, namgombeza akichelewa, sijui kwamba anayetembea ni bibi kizee.

Njiani ndani ya basi nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Hukuuliza."

Sasa amekaa hapo mlangoni anachambua maharage, na amenikataza kumkodolea macho, anasema majirani watafikiri tumegombana. Barua hii ingeendelea, mambo ni mengi, ila nakuomba uniachie hapa. Nina mtu wa kumtazama, na nimechelewa sana.

Babu yako,
Andendekisye